Bakuli la Maji Juu ya Friji

"Friji hii imekufa, mama. Tafuta nyingine," fundi alisema akifunga mkoba wake. "Umeme upo, gesi inawaka, lakini baridi hakuna."

Zamoyoni alimpisha ashuke garini. Aliishi ndani ya gari hilo na kuzunguka nalo akichanja kuku. Chanjo zote sasa zilikuwa kwenye ndoo ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka, na nje akina mama walimsubiri, kuku kwapani.

Alijaza bakuli maji, akaliweka juu ya friji. Maji yakaegemea upande mmoja mpaka yakamwagika.

"Haijafa," alisema. "Imeinamishwa."

Friji ya gesi hutaka kusimama sawasawa, na tangu jana mwenyekiti wa soko alikuwa amemhamishia mteremkoni, ili sehemu tambarare ibaki kwa gari lake yeye.

Zamoyoni akawasha injini, akapanda polepole mpaka mbele ya ofisi ya soko, akasimama juu ya saruji iliyoandikwa "Mwenyekiti". Akalijaza tena bakuli. Maji yakatulia, sawa pande zote. Akawasha gesi upya.

Haikupita muda, honi ikalia nyuma yake.

"Wewe mama, hujui kusoma?" mwenyekiti alifoka kutoka garini.

"Najua. Njoo nawe usome hili bakuli."

"Unaondoka saa ngapi?"

"Friji ikipoa."

"Na itapoa lini?"

"Kesho."

Akina mama wakaketi kuzunguka magurudumu, kuku mapajani. Honi ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu. Maji kwenye bakuli hayakutikisika.