Asiambiwe

Siku hizi anayekufa maji hurudishwa na bima kabla nyumbani hawajaanza kulia. Sharti ni moja: asiambiwe. Akijua, watu wa bima wanakuja kumchukua.

Jana, katika safari yetu ya baiskeli kando ya Mto Tana, rafiki yetu Komora aliteleza, mto ukamchukua. Leo asubuhi mimi na Jilo tulikuwa tunakunja mahema alipotokea njiani akipiga kengele, ndevu zimechongwa kama ametoka kwa kinyozi sasa hivi; bima huwarudisha wote wakiwa nadhifu hivyo.

"Chai ipo?" akauliza.

Nilimmiminia. Akaelekea ukingoni kunawa uso, nami nikajisahau.

"Komora, usije ukaanguka tena."

Akageuka. "Tena? Kwani nilianguka lini?"

"Si wewe, ni mimi," nikadanganya haraka. "Nilianguka juzi."

Nilitegemea Jilo acheke kunisaidia. Sufuria ilimponyoka.

"Nani kakuambia?" akanong'ona.

Nikapeleka mkono kichwani. Baada ya siku zote hizo za vumbi na kofia, nywele zangu zilikuwa zimebana vizuri, kama nimesukwa asubuhi hii.