Mlinzi wa Ukurasa wa Raya

Siku hizi simu zote hupitia kwenye ukurasa wa mtandaoni wa anayepigiwa, na kila ukurasa una mlinzi, programu ya kuzuia roboti wapigao simu. Mlinzi humtambua roboti kwa jinsi anavyorudia maneno yale yale. Hamfukuzi, asije akajaribu kwingine. Humjibu kwa sauti ya mwenye ukurasa mpaka achoke.

Tangu Ramadhani Raya hakupata simu ya mama yake, Bi Mize, na mwenyewe hakuwa na nafasi ya kupiga. Mwisho hofu ikamzidi, akafunga safari hadi Wete.

Alimkuta barazani, mzima, simu mkononi, akizungumza nayo.

"Hujambo mwanangu? Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na kazi je?"

Ndizo salamu zake za kila asubuhi, hazijawahi kubadilika hata neno moja.

"Shikamoo mama, hatujambo sote," simu ikajibu kwa sauti ya Raya. "Na miguu, imepungua kuuma?"

"Mama!" Raya akapiga kelele. "Huyo si mimi!"

Bi Mize aliitazama simu, kisha akamtazama binti yake.

"Na wewe," akauliza taratibu, "miguu yangu uliiulizia lini?"

"Mama, bado upo?" simu ikaita.

"Nipo, mwanangu," akajibu, akaisogeza sikioni.