Shafti ya Bi Siwatu

Bi Siwatu alizima mashine ya kukerezea, akachomoa shafti yake, fimbo ya chuma aliyoikereza, na kuilaza mezani kando ya maikromita ya kupimia unene. Badala ya kuipima, akakaa.

"Mama, zimebaki dakika nane," alisema Mwalimu Kombo, msimamizi wa mtihani. "Pima, umalizie, ukabidhi."

"Bado ina moto, Mwalimu."

Wenzake, wote wa umri wa wanawe, walikuwa wameshakabidhi wakatoka. Mwaka jana naye aliharakisha hivyo hivyo. Alipima chuma kikiwa cha moto, kipimo kikasoma sawasawa. Kilipopoa kikanywea, akafeli kwa unene wa unywele. Hakujua kuwa kilikuwa na moto. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa miaka ishirini ya kukaanga maandazi mlangoni mwa chuo hicho hicho, na joto havikulihisi tena.

"Dakika nne."

Aliigusa shafti. Vidole vikamwambia imepoa. Hakuviamini.

"Mwalimu, hebu nigusie tu."

"Siruhusiwi kukusaidia, mama. Unajua."

Alijua. Akavua miwani ya kazi, akaiinua shafti kwa mikono miwili, akafumba macho. Taratibu akaisogeza shavuni, kama alivyokuwa akipima homa za wanawe, akaituliza hapo.

"Dakika mbili," alisema Mwalimu Kombo, safari hii kwa sauti ya chini.

Mezani maikromita ilisubiri, mdomo wazi.