Hatua Ishirini za Swala

Zamani, wanyama walipokuwa hawajakubaliana kipimo, Mama Kwale hakutulia hata kidogo. Kidimbwi kilikuwa kimekauka, na vifaranga wake watano walipanua midomo kwa kiu. Akamuuliza Swala, bingwa wa kuruka, maji yako wapi.

"Hatua ishirini tu, mama. Elekea kichuguu kile, usikate kona."

Kwale akanyoosha njia na wanawe huku akihesabu. Ishirini zikaisha, vumbi tupu! Akadhani amepotea. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akazunguka mpaka kifaranga mdogo akaanguka.

"Umenidanganya!" akalia.

Swala akaja mbio. "Mimi? Nimezihesabu mwenyewe!"

Jongoo akacheka majanini. "Ishirini za miguu ya nani, bwana mkubwa? Zangu, au zako?"

Swala akatazama miguu yake mirefu, kisha vidole vya Kwale. Akaona haya. Akasimama upande wa jua, kivuli chake kikawafunika vifaranga, hata yule mdogo akainuka.

"Twende, mama. Sasa nahesabu zako."

Akajikokota kando yao, bila kuruka hata mara moja, mpaka majini. Zilikuwa mia nane na tatu.