Saa ya Shule

Kila asubuhi Mwanahawa aliendesha baiskeli saa mbili nzima kwenda kiwanda cha maziwa. Leo kikapuni alibeba barua ya kuacha kazi. Darajani alisimama, akaisoma tena na tena, akachelewa.

Alipofika shule ya njiani, watoto walikuwa bado wanacheza mpira. Mwalimu Shekue alimngoja langoni, nyundo mkononi, kando ya rimu ya lori iliyokuwa kengele yao.

"Dada, leo umetuchelewesha wote!"

"Mimi?"

"Saa yetu iliharibika mwaka jana. Ukipita wewe, ndipo nagonga."

Mwanahawa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaikunja barua mara nne, akaipachika chini ya kengele ya baiskeli iliyolegea, akaipiga kwa nguvu.

Rimu ikaitikia. Watoto wakakimbilia madarasani, mpira ukabaki unabingirika peke yake.