Cherehani ya Sabina

Bodaboda aliwashusha pale njia inapoingia migombani, akageuza pikipiki na kuondoka. Ephrasia akabaki na cherehani ya mkono iliyofungwa kwenye kitenge, begi la nguo za mtoto, na mtoto mwenyewe, Kemilembe, mwenye njaa na maswali.

“Mama, tukishairudisha cherehani, tutakula nini?”

“Mungu yupo.”

“Na sare zangu umezibebea nini? Kesho si shule?”

“Tembea, mwanangu.”

Swali la kwanza lilikuwa la haki. Cherehani hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya chumba chao mtaani Kashai, ndiyo iliyonunua viatu na madaftari. Lakini haikuwa ya Ephrasia. Ilikuwa ya Sabina, fundi nguo aliyeishi naye chumba kimoja katika kisiwa kimojawapo cha Muleba, enzi zile Ephrasia akiwapikia wavuvi chakula na kunywa kila alichokipata. Mwaka ule ziwa lilipofurika, Sabina alishikwa na homa kali, akapakiwa kwenye boti akiwa hoi kupelekwa hospitali ng’ambo. “Niangalizie,” alisema, na hakuwa na nguvu ya kusema zaidi. Ephrasia aliangalia vizuri sana: alibeba vyote akahamia Bukoba mjini.

Kisha akaokoka. Na kwa walokole wa huku, kuokoka si kuinua mikono na kulia tu. Hilo hata mlevi analiweza. Ulichoiba unakirudisha kwa mwenyewe, mchana, kwa mikono yako. Ephrasia alianza na vidogo: sufuria kule Hamugembe, jembe kule Kashozi, blanketi la mama mwenye nyumba, ambaye alilipokea akicheka mpaka machozi yakamtoka. Pombe ilishamtoka. Majirani waliotabiri kwamba ataokoka mpaka Krismasi tu walikuwa wamechoka kusubiri aanguke. Usingizi, hata hivyo, haukuja.

Mzee Aroni, kiongozi wa kikundi chao cha sala, alipoambiwa habari ya Sabina tangu mwanzo hadi mwisho, alivuta kiti karibu.

“Unaweza kufungwa,” alisema.

“Najua, baba.”

“Na hata usipofungwa, utabaki mikono mitupu.”

Hapo ndipo palipomuuma. Jela aliiogopa, lakini chumba kitupu alikiogopa zaidi. Na angemlilia nani? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Walimkuta Sabina uani akianika kahawa. Alikuwa amekonda, amezeeka kabla ya siku zake. Alimtazama mgeni, akamtazama tena, na kabla Ephrasia hajatua mzigo akapiga ukelele wa furaha na kumkumbatia. Ephrasia alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa kukumbatiwa hakuwa amejiandaa kabisa.

Kemilembe alipiga magoti akaamkia. Sabina akamshika kidevu.

“Marahaba, mama. Mtoto mzuri! Wako huyu?”

“Ninaishi naye,” alisema Ephrasia.

“Ana adabu. Umelea.” Akamwelekeza mtoto nyuma ya nyumba. “Nenda ukaone vifaranga, mama, sisi wakubwa tuongee.”

Ndani, Sabina alileta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Akatangulia kutia moja mdomoni mwake, kama desturi ilivyo, mgeni aone kwamba haina ubaya. Ephrasia hakuigusa. Alifungua kitenge, akasema kwa pumzi moja kwamba cherehani ni hii, kwamba aliiba, kwamba ameokoka na amekuja kuomba msamaha.

Sabina alipitisha kiganja juu ya ile mashine polepole, kisha akaisukuma irudi kwa mgeni.

“Ephrasia, hiki ni chuma tu. Nilishakusamehe zamani. Hivi unadhani nimesahau? Nimelala hospitali sijitambui, mwanangu bado mchanga, ananyonya, nani alikuwa naye? Ni wewe. Homa ilipomchukua, ni wewe uliyeniletea habari kwamba amefariki na umemzika. Niliporudi kisiwani, maji yamefunika ufuko wote, watu wamehama, hata kaburi sikuliona.” Alifuta macho kwa ncha ya kanga. “Na Mungu hakunipa mwingine. Lakini kila siku nikisali namshukuru kwamba mwanangu alizikwa na mtu aliyempenda. Sasa mtu aliyenizikia mwanangu, nimdai cherehani? Ichukue, waitu, ndugu yangu. Ikusaidie kumlea binti yako.”

Mlango ulikuwa wazi. Ephrasia angeweza kusema asante, akafunga tena kitenge chake, na kabla ya giza wangekuwa wamefika Kashai, na cherehani yao. Amesamehewa, tena amebarikiwa. Alilitaka jambo hilo kwa mwili mzima. Huko nje Kemilembe alikuwa akicheka na vifaranga, akiwapa majina.

“Sabina,” alisema. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni. “Sikuja kwa ajili ya cherehani.”

“Inuka bwana, umekuja kwa nini basi?”

Ephrasia hakuinuka. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, akaita kwa sauti ileile aliyozoea kumwitia mtoto chakula.

“Kemilembe! Waache hao vifaranga. Njoo umsalimie mama aliyekuzaa.”