Ulimi wa Bibi

Kila nyumba siku hizi ina furushi lake la kidijitali: picha, sauti na vyeti vya familia vimefungwa pamoja, na kila ukurasa umeunganishwa na mwenzake. Kiungo kikikatika, furushi hujirekebisha lenyewe na kuziba pengo. Hakuna anayebonyeza akakuta patupu.

Zamda alikuwa anaolewa Ijumaa, akataka kusikia mawaidha ambayo marehemu bibi yake aliwaachia mabibi harusi wa nyumba ile. Mama yake, Rukia, alikaa kando akichambua mchele.

"Mume akinuna, usinune naye," ilisema sauti kutoka kwenye furushi, ikiteleza bila kusita.

Rukia akaacha kuchambua. "Huyo si mama."

"Mama jamani! Si sauti yake hiyo?"

"Sauti ni yake. Lakini mama alikuwa na kigugumizi. Kulitamka hilo neno 'mume' tu kulimtoa jasho, mpaka tunacheka, na yeye anacheka. Kigugumizi chake wamekipeleka wapi?"

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nililieleza hilo mwenyewe kwenye rekodi, siku ya arobaini yake. Fungua usikie."

Zamda akabonyeza. Sauti ya Rukia ikajaa chumbani, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia. "Mama yangu alijaliwa ulimi mwepesi. Hakukwama hata kwa neno moja."

Vidole vya Rukia vilibaki vimezama kwenye mchele. Hakuyasema maneno yale. Ana hakika hakuyasema.

Zamda akasogea, akamshika bega.

"Mama," akasema kwa upole, "tukuombee na wewe marekebisho?"